Sajini Hachafuki

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta Sajini anapakwa mafuta kifuani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya ghala lililokuwa limegeuzwa kambi ya jeshi ya tamthilia, mikono ameinyoosha kama shati kwenye kamba, na mpambaji anamsugua mpaka anang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Zidisha hapa," alisema, akijionyesha tumboni. "Kamera inapenda hapa."

Sajini ninayemjua mimi, yule wa vitabu vya mjomba wangu, hana misuli ya hapo. Ni mfupi, ana kigugumizi, goti lake moja linamsumbua mvua ikikaribia, na katika vitabu vyote saba havui shati ila kumfungia mtu jeraha. Nilianza kumsoma nikiwa bado nafuata maneno kwa kidole.

"Ndiye huyu?" nilimnong'oneza mpambaji.

"Ndiye. Sisi tunamwita Kifua."

Mimi pia walinipa jina kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeajiriwa kama msaidizi wa mswada, na shahada yangu ya fasihi ilikuwa haijapata hata fremu. Wakaniita Digrii. Digrii, shika mwavuli. Digrii, muulize Sajini kama anataka soda ya baridi au ya kawaida. Nilishika mwavuli na nikauliza kuhusu soda, tena kwa furaha, kwa sababu nilikuwa pale kwa ajili ya onyesho moja tu.

Mjomba, kaka yake mama, ni karani mstaafu wa reli. Vitabu vyake aliviandikia kwenye meza ya jikoni, baada ya kazi, huku watu wakimwomba asogeze karatasi wapange vikombe. Siku hizi mapafu hayamsaidii. Anashinda kwenye kiti chake karibu na dirisha. Watu wa televisheni walimfuata mara mbili akawafukuza. Mara ya tatu, kabla hata ya kuniajiri, walinituma mimi.

"Mwanangu," aliniambia, "wakitaka kumpandisha Sajini kwenye ndege, wampandishe. Wakitaka aimbe, aimbe. Ila ile ya kurudi nyuma wasiiguse."

Nilijua anachosema. Mwisho wa kitabu cha tatu kikosi kinaamriwa kusonga mbele, katika vita ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anavitaka. Sajini anaona kwamba mbele hakuna kitu ila makaburi. Anawageuza watu wake, anawapitisha kwenye kinamasi, na mgongoni anambeba mpishi wa kikosi aliyevunjika mguu. Ofisa anamuuliza anafanya nini. Anajibu: "Nitarudi na watu wangu. Siwezi kuwapelekea mama zao majina matupu."

"Yule mpishi ni babu yako," Mjomba alisema. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui. "Alibebwa na sajini asiyemjua hata jina. Asingebebwa, mimi na mama yako tusingezaliwa, na wewe usingekuwa hapa unanimalizia chai. Nimeandika vitabu saba kumtafuta mtu huyo. Nataka nimwone akimbeba baba yangu. Mara moja tu, inatosha."

"Utamwona, Mjomba," nilisema. Akatia saini.

Mwongozaji wetu alivaa buti za jeshi na filimbi shingoni, na kila mtu alimwita Jemadari. Nadhani alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Jeshi lake lilikuwa na watu kumi na mmoja. Walikufa upande wa kushoto wa kamera, wakainuka, wakabadilisha kofia, wakazunguka nyuma ya ghala na kurudi kama maadui, wakafa tena upande wa kulia. Aliyekufa vizuri kuliko wote alikuwa fundi viatu mmoja mnene, mpole, ambaye alishauawa katika kila sehemu tangu ya kwanza. Jina lake lilikuwa Marehemu.

"Naangukia ubavu," alinifundisha siku moja tukinywa chai. "Ukiangukia mgongo unaonekana umelala. Mke wangu anasema mimi nikifa analia kweli. Kila Jumapili! Mpaka majirani wameanza kuja kumpa pole."

Mdhamini wetu alikuwa kampuni ya sabuni ya kufulia. Afisa masoko wao alifika kambini na viatu vyeupe, na hapo ndipo msimamo wake kuhusu tope ulipojulikana. Sabuni yetu, alisema, haiwezi kuhusishwa na uchafu. Kwa hiyo wanajeshi wetu walipigana vita vya miezi sita msituni huku suruali zao zimenyooka pasi. Damu iliruhusiwa kidogo, mradi isifike kwenye kola.

Mswada wa sehemu ya sita ulipotoka, niliufungua kwa pupa. Kinamasi hakikuwemo. Mpishi alilipuliwa ukurasa wa kwanza, ili Sajini apate hasira. Sajini alichana shati lake na kukimbia mbele peke yake, bunduki ya rashasha kila mkono, akaua maadui arobaini. Rashasha za namna hiyo zilikuwa hazijaanza kutengenezwa, lakini hilo lilikuwa dogo.

Nilimfuata Jemadari kwenye meza ya chakula. "Bwana mwongozaji, ile ya kurudi nyuma imekwenda wapi?"

"Imerudi nyuma," alijibu, na meza nzima ikacheka.

"Tulimuahidi mwandishi."

"Ulimuahidi wewe. Sikiliza, Digrii. Mtu amechoka na kazi wiki nzima, amekaa kwenye kochi lake, umwonyeshe mwanaume anayekimbia? Akitaka kuona mwanaume anayekimbia si amwombe shemeji yake aje kumsaidia kuhamisha kabati?"

"Sajini hakimbii. Anaokoa watu."

"Watu gani? Tunao kumi na mmoja, na wote wameshakufa."

Wakacheka tena, na Marehemu naye akacheka, kisha akaniona uso na akaacha. Nilikwenda kusimama nyuma ya ghala. Nilimfikiria Mjomba kwenye kiti chake, anahesabu Jumapili. Nilifikiri kuacha kazi, lakini kuacha kazi kusingemrudisha mpishi mgongoni kwa mtu yeyote.

Kwenye kikao cha mchana huo afisa masoko alikuwepo, viatu vyake vyeupe amevipandisha kwenye kiti kingine. Jemadari alieleza rashasha mbili kwa mikono na kwa mdomo. Alipomaliza kufyatua, niliinua mkono.

"Dada, samahani. Naomba kuuliza. Watazamaji wakiona sare ni safi mwanzo mpaka mwisho, watajuaje kama kuna aliyefua?"

Aliacha kukoroga chai yake.

"Nasema tu," niliendelea, "tangu tamthilia hii ianze, sabuni yenu haijafanya kazi hata siku moja."

"Rudia hapo," alisema.

"Kwenye kitabu kuna kinamasi. Wanaume kumi na mmoja wanaingia humo wakiwa safi. Wanatoka..."

"Wanatoka vipi?"

"Wachafu, dada. Wachafu kuliko kitu chochote ulichowahi kukiona kwenye televisheni. Na mmoja amembeba mwenzake."

Alishusha miguu. "Tope la rangi gani?"

"Jeusi."

"Jekundu linaonekana zaidi."

"Basi jekundu."

Jemadari alikohoa kidogo na kurekebisha filimbi yake. "Mimi siku zote nimesema," alitangaza, "kwamba kurudi nyuma ndiyo roho ya hadithi hii."

Kinamasi tulikitengeneza nyuma ya ghala kwa udongo mwekundu na lori la maji. Nafasi ya mpishi alipewa Marehemu. Kifua alimtazama kama mtu anayeonyeshwa friji na kuambiwa ailete ghorofa ya nne.

"Huyu mzee ana kilo ngapi?"

"Usiulize uzito wa mtu aliyejeruhiwa," alisema Marehemu. "Si adabu."

Ikaonekana kwamba misuli yote ya Kifua ilikuwa ya kutazamwa kwa mbele. Marehemu alimpanda mgongoni, kamera ikawashwa, Kifua akapiga hatua mbili, akazama. Alikwenda kifudifudi, na Marehemu juu yake, na tope likaruka mpaka kwenye mwavuli wangu. Jemadari alipeleka filimbi mdomoni, lakini mpiga picha alimshika mkono bila kuondoa jicho kwenye kamera.

Kifua aliinua kichwa. Hakuna kilichokuwa kinang'aa tena. Alitazama huku na huku akitafuta wa kumwinua, kama alivyozoea, na wote aliowaona walikuwa kwenye tope kama yeye.

"Niache, mdogo wangu," Marehemu alisema polepole. "Nitatambaa mwenyewe." Maneno hayo hayakuwemo kwenye mswada.

"Nyamaza," Kifua alisema. "Shika shingo."

Akapiga goti, akainuka. Goti moja lilikuwa linamtetemeka. Alitembea mpaka ng'ambo, akimvuta, akimbeba, akimvuta tena, na alipofika kwa ofisa pumzi zilikuwa zimemwishia. "Ni-nitarudi na wa-watu wangu," alisema. "Siwezi ku-kuwapelekea mama zao majina ma-matupu."

Ni pumzi tu, najua. Lakini yule ndiye Sajini niliyemsoma kwa kidole, na nililia nyuma ya mwavuli kama mke wa Marehemu.

Tamthilia yetu ilirushwa Jumapili alasiri, kwa sababu saa nzuri za jioni zilikuwa za tamthilia ya nje ambamo matajiri wanapigana vibao. Mjomba alisema nimwalike mpishi. Marehemu alikuja na shati la kutokea na viatu alivyovishona mwenyewe, akaketi kwenye stuli karibu na kiti cha Mjomba, magoti pamoja. Mama alimletea chai.

Mjomba alimkagua kutoka juu mpaka chini. "Baba yangu alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio."

"Nisamehe, mzee. Siku hiyo nilikuwa nimekula."

Kisha sehemu ya sita ikaanza. Hawakukata kitu. Walionyesha kuzama, walionyesha "niache" na "shika shingo," na Kifua alipoanza kusema yale maneno, midomo ya Mjomba ilikuwa inakwenda pamoja naye bila sauti. Hakulia. Alinyoosha mkono akauweka kwenye goti la Marehemu, kwenye ule mguu uliovunjika, akauacha hapo.

Na papo hapo, hata hatujapumua, likaja tangazo. Tope lilelile. Kifua yuleyule, amelala kifudifudi palepale. Akageuka, akatutazama sisi, akatabasamu. Mwanamke mwenye kucha nzuri akatokea katikati ya uwanja wa vita akiwa na beseni. Povu likafurika. Sare ikatoka nyeupe, ingawa ilikuwa ya kaki, na sauti nzito ikasema: "Rudi na nguo zako. Madoa yaache vitani."

Nilitamani sakafu inimeze. Tope lile ni mimi niliyelileta, kwa mkono wangu ulioinuliwa kikaoni.

"Kumbe inatoa hata jekundu," alisema mama, kisha akaona uso wangu na kuanza kukusanya vikombe vilivyokuwa bado na chai.

"Mjomba, nisamehe," nilisema.

Mjomba alikuwa anatikisika. Nilidhani ni mapafu, nikaruka kumletea maji, kumbe anacheka. Alicheka, akakohoa, akacheka tena.

"Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "babu yako alikuwa akisema kwamba vita vile vilipiganwa ili watu fulani wauze bidhaa zao. Hakupata kuambiwa bidhaa gani. Hawa angalau wametuonyesha beseni." Akajifuta macho. "Na alibebwa. Nimemwona. Acha kunililia hapa, nipe chai."

Simu yangu ikaita. Ni Jemadari, na hakuhitaji kipaza sauti ili chumba kizima kimsikie.

"Digrii! Watu wanapiga simu stesheni, wanamuulizia mpishi! Nani kawaambia wampende mpishi? Sasa kampuni ya mafuta ya kupikia nayo imepiga. Asife, unanisikia? Yule mzee asife! Niandikie sehemu ya saba: anapona, anarudi jikoni, anakaanga."

"Anakaanga nini vitani?"

"Chochote, mradi kiogelee!"

"Kwenye kitabu anapona, bwana mwongozaji. Anaishi mpaka mwisho."

"Kwenye kitabu kipi?" aliuliza Jemadari, kwa mshangao wa kweli kabisa.

Nilikata simu na kumwambia Marehemu kwamba ataishi mpaka sehemu ya mwisho. Alishusha kikombe chake.

"Sasa mke wangu nitamwambia nini?" alisema. "Ameshazoea kunililia."

"Mwambie," alisema Mjomba, mkono wake ungali kwenye goti lile, "mwambie safari hii ulibebwa."