Aliyefungwa Ndiye Anayebeba Kiti

Mtaani kwetu Masatepe kuna kanuni moja ambayo hakuna mtu aliyeiandika. Majogoo, timu yetu ya besiboli, wakicheza na Mamba mwanzoni mwa msimu, nyumba ambayo timu yake imefungwa inabeba kiti chake cha kubembea, inavuka barabara, na inasikiliza redio kwenye kibaraza cha walioshinda mpaka timu hizo zikutane tena. Kusema kweli nyumba zenyewe ni mbili tu. Ya kwetu, yaani ya Bibi Adilia, na ya don Filadelfo fundi viti, ambaye mlango wake unatazamana na wetu. Don Filadelfo alizaliwa kule ziwani, kwenye mji wa Mamba, akaja huku kuoa, na hajawahi kuwaacha Mamba wake. Bibi anasema mwanaume anaweza kubadili dini kwa ajili ya mke, lakini timu hapana, na kwa hilo anamheshimu.

Mwaka jana alivuka yeye. Alikuja na kiti kichwani, nyuma yake mkewe, doña Chepita, na sahani ya tamuga, wali na nyama vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba. Wakakaa kwetu kila jioni ya mechi, karibu mpaka Pasaka. Doña Chepita alikuwa mzaliwa wa hapahapa, ila kwa sababu ya ndoa alikaa upande wa Mamba. Majogoo wakipata pointi, uso wake haubadiliki hata kidogo. Anainuka, anasema anakwenda jikoni kwetu kuomba chumvi. Mimi ndiye niliyekuwa namkuta huko, ameshika kitambaa mdomoni, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Alikuwa ananikonyeza. Hakuwahi kuniuliza kwa nini siongei.

Mwaka huu tukafungwa sisi, mechi zote tatu. Lakini shida haikuwa kufungwa. Doña Chepita alifariki mwezi wa tisa, mvua zikiwa bado kali, na tangu hapo mlango wa don Filadelfo haujafunguka jioni hata siku moja. Mkate anaupokea dirishani. Viti alivyoletewa kusuka, wenyewe wamekuja kuvichukua vilevile vimetoboka. Msimu ulipoanza tulidhani angalau tutasikia redio yake. Hatukusikia kitu.

"Atapona tu," alisema Nohelia, mwenye duka la pembeni.

"Msiba si mafua, Nohelia," Bibi akamjibu. "Sitaki apone. Nataka atoke nje."

Jumanne, kabla mechi haijaanza, Bibi akaniambia nibebe kiti.

"Bibi, mlango umefungwa."

"Kanuni haisemi mlango uwe wazi. Inasema aliyefungwa avuke. Tumefungwa au hatujafungwa?"

Nyonga yake inamsumbua, kwa hiyo nilibeba mimi. Upepo wa mwezi wa pili ulikuwa unapeperusha vumbi, na mtu mmoja wa pikipiki akapunguza mwendo akasema, "Poleni Majogoo." Nilitamani kiti kinifunike mpaka miguuni. Darasani mwalimu akiniuliza swali huwa najibu kwa kichwa, sasa hapa barabara nzima inaniangalia.

Tukakiweka mbele ya mlango wa don Filadelfo. Bibi akakaa, akawasha redio yake ndogo. Mimi nikakaa kwenye ngazi. Nohelia akaja na kahawa na maneno, kama kawaida yake.

"Timu yenu itashuka mpaka kaburini," akasema. "Na yule Kender wenu ndiye mchimbaji."

Kender Obando ndiye mpigaji wetu bora. Kwenye mechi ya tatu na Mamba, kipindi cha tisa, cha mwisho, alipiga mpira mkubwa upande wa kushoto. Akadhani umevuka uzio, na ukivuka mpigaji hana haja ya haraka. Badala ya kukimbia, akaweka rungu lake la kupigia chini taratibu kama anamlaza mtoto, akasimama kuutazama. Mpira ukagonga uzio, ukarudi uwanjani. Kender akaishia kituo cha kwanza kati ya vinne, hapo ambapo hata Bibi na nyonga yake angefika. Tukapoteza kwa pointi moja.

"Majivuno matupu," Nohelia akasema. Kisha mteja akamwita, akaondoka na birika lake.

Tukabaki na redio. Mechi ilikuwa ya Majogoo na timu nyingine, na ilikuwa imepoa. Bibi alibembea, akaacha, akabembea. Hakuwa na wa kubishana naye, na Bibi bila ubishi ni kama mtu aliyekosa usingizi. Akaelekeza kidevu mlangoni.

"Unajua angesema nini huyu?"

Kabla sijajibu akajikohoza, akatoa sauti nzito isiyo yake.

"Huyo Kender ni tausi. Amepewa rungu, akadhani amepewa kioo."

Nilimtazama. Bibi anampenda Kender kuliko baadhi ya wajukuu zake.

"Nijibu," akaninong'oneza. "Mimi ni yeye. Wewe ni mimi."

"Siwezi, Bibi."

"Umeanza kunisikia tangu uko tumboni. Unaweza."

Nikasema, "Ana miaka ishirini."

"Mimi huwa naongea hivyo? Kama sisimizi?"

"Ana miaka ishirini," nikasema tena, na safari hii sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Mwache autazame mpira wake. Mbona wewe ulipomaliza kiti chako cha kwanza ulikitazama?"

Sijui hilo lilitoka wapi. Bibi mwenyewe aliacha kubembea. Nyuma ya mlango nikasikia ubao wa sakafu unalia, kama mtu amehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Bibi akasikia pia. Akajifanya hajasikia.

"Kiti si mpira," akaendelea na sauti yake nzito. "Angekimbia, angezunguka vituo vyote akarudi nyumbani, pale alipopigia, na mechi ingesawazishwa."

Bibi anaujua ule uzio wa kushoto kuliko mtu yeyote.

"Kituo cha pili," sauti ikasema kutoka ndani.

Nikageukia mlango.

"Angefika cha pili, doña Adilia. Mpira ukigonga pale unarudi moja kwa moja kwa mlinzi. Hata angekimbia kama anafukuzwa na nyuki, ni cha pili tu. Kama unataka kuniigiza, niigize vizuri."

"Sisikii," Bibi akasema. "Mlango mnene."

"Niliutengeneza mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Komeo likasogea. Don Filadelfo alikuwa amekonda, ndevu zimeota nyeupe, vifungo vya shati havikulingana na matundu yake. Bibi hakumpa pole. Alimtazama kutoka juu mpaka chini.

"Mmetufunga mara tatu," akamwambia, "na hamna hata adabu ya kutukaribisha."

"Nilizisikiliza zote," akasema. Alishika fremu ya mlango. "Sauti ya chini, sikio kwenye redio. Sikutaka msikie."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Ya nini, jirani?"

"Ya kufurahi." Alitazama miguu yake. "Ile ya tatu, Kender wenu aliposimama kama sanamu, nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, doña Adilia, kama mtu ambaye hajafiwa. Nikageuka nimwambie."

Redio ikatangaza dawa ya meno.

"Kulikuwa na kiti kitupu," don Filadelfo akasema.

Bibi akapunguza redio kidogo. "Angekutukana," akasema. "Chepita alikuwa Jogoo mpaka kwenye mifupa."

"Mnadhani sijui?" Uso wake ukafanya kitu, nikadhani analia. "Kila mkipata pointi, mtu anakwenda kuomba chumvi. Na kwangu humu kuna mifuko mitatu ya chumvi."

Bibi akaanza kucheka kwanza, kimyakimya, kwa mabega. Don Filadelfo akamfuata, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati, akaingia ndani. Nilidhani ndiyo basi. Akarudi na kiti chake, akakiweka upande wa kulia wa Bibi. Akarudi tena ndani, akakaa muda, akaja na cha pili, kile kifupi alichomtengenezea doña Chepita kwa kipimo chake. Alikipangusa vumbi kwa kiganja, mikono yote miwili ya kiti, pole pole.

"Wewe uliyesema habari za kiti cha kwanza," akaniambia.

"Samahani, don."

"Nilikitazama siku nzima. Baba akanikuta nimekitazama. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, kimeinama hivi, na mimi sijaona." Akaonyesha kwa mkono. "Sasa kaa. Huwezi kutetea tausi ukiwa kwenye ngazi."

Nilimwangalia Bibi. Bibi alikuwa ameshughulika sana na redio. Nikakaa. Kwenye vile viti vingine vyote miguu yangu huning'inia. Kwenye hiki ilifika chini.

Kipindi cha saba Kender akaingia kupiga. Alipiga mpira mnyonge wa kubiringika, wa kutolewa tu. Upepo ukavuruga redio, na don Filadelfo akainama mbele.

"Amekimbia?"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na redio. "Amekimbia," nikasema.

"Kweli?"

"Amekimbia sana. Wamemtoa, lakini amekimbia."

"Tausi," akanung'unika, ila alikuwa ameegemea nyuma, na kiti chake kikaanza kubembea.

Nohelia alitoka mlangoni mwa duka lake, akatuona watatu, akarudi ndani bila neno. Hiyo haijawahi kutokea.

Kipindi cha nane Majogoo wakapata pointi mbili. Bibi akapiga paja lake. Mimi nilikuwa kwenye kibaraza cha Mamba, kwenye kiti cha upande wa Mamba, nikajitahidi uso wangu usibadilike. Nilitazama barabara. Nilibana midomo mpaka ikauma.

Don Filadelfo hakunigeukia.

"Jikoni kwangu kuna chumvi," akasema. "Nenda kaombe."

Nikainuka. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mbao, na dirisha la jikoni lilikuwa limekaa bila kufunguliwa tangu mvua. Nikalifungua. Kwenye rafu mifuko ilikuwa mitatu, kweli. Nikashika kitambaa kilichokuwa kimetundikwa kwenye msumari, nikakiweka mdomoni.