Waliokuwa Chini ya Blanketi

Corona ilipofika Uvira, kila nyumba ilikuwa na dawa yake, lakini Mama Ezéchiel alikuwa na blanketi. Tena si moja. Yalikuwa mawili, yale mazito mekundu yenye picha ya chui, yaliyovuka Kavimvira kutoka Bujumbura kabla mpaka haujafungwa. Aliyashona pamoja kwa sindano ya magunia na uzi wa nyavu, chui huyu akawa anamtazama chui yule, na humo ndani familia nzima iliweza kukaa kuzunguka sufuria bila kisigino cha mtu kubaki nje. Majirani walijifukiza mmoja mmoja, kila mtu na kitenge chake, na Mama Ezéchiel aliwahurumia kwa sauti ya juu ili wasikie.

"Muntu moja moja, mutapona lini?"

Dawa yenyewe ilikuwa majani ya mikaratusi, mchaichai, malimao, tangawizi na mubirizi, yale majani machungu ya kukunja uso wa mtu siku nzima. Vyote vilichemka katika sufuria kubwa ya kupikia watu wa matanga. Redioni walisema watu wakae mbalimbali na wafunike pua. Mama Ezéchiel alisikia vizuri sana, akaona kwamba blanketi linafunika pua kuliko kile kitambaa kidogo, tena linafunika hadi miguu. Hakuna aliyembishia. Mama yule hakuwa mtu wa kubishiwa.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha, nacho ni kukosa mjukuu. Ezéchiel, mtoto wake wa kwanza, alikuwa amemwoa Dorine, binti wa wakulima wa mpunga wa Lubarika, mpole, mchapakazi, na miaka ilikuwa inakatika bila mtoto. Mama aliomba mjukuu huyo kwa Mungu, usiku na mchana, kwa machozi ya kweli. Laiti angeishia hapo kwa Mungu! Jambo hilo aliliongea pia kwa majirani, kwa wauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na kwa yeyote aliyefanya kosa la kusimama karibu naye.

"Bibi ya Ezéchiel, ile tumbo yake iko ya mapambo," alikuwa akisema huku anacheka, na Dorine yuko pale pale anatwanga majani ya muhogo ya sombe.

Mwaka mmoja kabla ya corona, Dorine alitapika mara mbili kwa sababu ya ndagala zilizochacha, na kabla hajamaliza kusukutua, mama mkwe wake alikuwa ameshatangaza kanisani. Wanawake wakaleta vinguo vya mtoto. Mmoja akaleta beseni jipya la kuogeshea. Kumbe tumboni hapakuwa na kitu ila hizo ndagala. Na nani alichekwa? Mama Ezéchiel? Thubutu! Alichekwa Dorine, ndiye aliyelibeba beseni lile kichwani mchana kweupe kulirudisha kwa mwenyewe, na Mama Ezéchiel akawaambia watu kwamba mkwe wake amemtia aibu.

Kwa hiyo safari hii Dorine alifunga mdomo. Maana alikuwa na mimba kweli, jamani, changa kabisa, na nyinyi nawaambia sasa kwa sababu mama mkwe hakuambiwa. Alijua Dorine, alijua mume wake, na alijua Candide, muuguzi wa kituo cha afya. Mke na mume walikubaliana kwamba mama atajua siku tumbo litakapojionyesha lenyewe, na asijue hata dakika moja kabla. Halafu Ezéchiel akapata kazi ya ujenzi Lemera, akapanda milimani, akamwacha Dorine na siri yake katika nyumba moja na mdomo ule.

Wiki hiyo hiyo akaja Mzee Onesphore, kaka mkubwa wa Mama Ezéchiel. Alikuwa anatoka kwenye matanga ya rafiki yake, aliyekufa kwa ugonjwa ambao wenyewe waliuita malaria ya mapafu. Alishuka kwenye pikipiki akikohoa mpaka kofia ikamdondoka.

"Ni vumbi ya njia," akasema.

"Ni vumbi," dada yake akakubali haraka. Kwake corona ilikuwa ugonjwa wa watu wa Kinshasa, wale wapanda ndege, na kuwa nayo nyumbani ilikuwa aibu kupita kuiba. Hata hivyo vumbi nalo halikatai mvuke. Akatia moto, akaita watu. Wakaja mabinti zake wawili, akaja mpangaji wao fundi cherehani, Mzee Onesphore akapewa kiti cha heshima karibu na sufuria. Dorine akabaki amesimama mlangoni mwa jiko.

"Weye unangoja mualiko?" Mama Ezéchiel akauliza.

"Mama, miye ninabaki. Joto inanisumbua hizi siku."

"Hizi siku nini? Ao unaogopa meshi ya nywele yako italowa?"

Mabinti wakacheka. Dorine alijishika kitenge kiunoni, akasema polepole, "Apana, mama. Na mujomba naye iko anakohoa."

Kicheko kikakatika. Mzee Onesphore akageuka kama hakusikia vizuri, kumbe amesikia.

"Unasema kaka yangu iko mugonjwa?" Mama Ezéchiel akasimama. "Uyu muzee mwenye alikuja kukuposa kwenu Lubarika? Njo unamuogopa leo, kama umbwa ya kichaa?"

Dorine alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Angelisema tu, mama mkwe angemkalisha kwenye mkeka na kumpepea mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma ninaposimulia. Lakini kesho yake neno lingekuwa kanisani, keshokutwa lingekuwa sokoni, na kama mambo yangeharibika, beseni lingerudi kichwani kwake. Akamtazama mama mkwe wake, akaingia. Nafasi iliyobaki ilikuwa ubavuni mwa Mzee Onesphore.

Blanketi likashuka. Mama Ezéchiel, naye akiwa humo ndani, alikanyaga pindo lake kwa mguu ili mtu asitoroke, akafunua sufuria, mvuke ukawapanda usoni.

"Muvute! Muvute iingie mpaka ku mapafu!"

Wakavuta. Mzee Onesphore alikohoa mara ya kwanza, akakohoa ya pili, akaomba msamaha, akakohoa tena, na kila alichokitoa kifuani wenzake wakagawana kindugu, hakuna aliyepunjwa. Dorine alijifunika mdomo kwa kiganja, mama mkwe akaukamata mkono ule na kuuteremsha.

"Weye unaiba dawa ya wenzako? Vuta!"

Siku chache baadaye nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Mama Ezéchiel hakutetereka. Alisema huo ni uchafu unatoka, ishara kwamba mvuke umefanya kazi, akaongeza mubirizi. Mzee Onesphore alilala, akaamka, akadai samaki. Mabinti walipata mafua, yakapita. Dorine ndiye aliyeshikwa kwelikweli. Homa ilimpanda hadi akawa anaongea peke yake, akimwita Ezéchiel, na mama mkwe, mwenye huruma zake, akamfunga ndani ya wale chui wawili na kumfukiza upya, asubuhi na jioni. Siku damu ilipoonekana kwenye kitenge, ndipo pikipiki ikaitwa.

Kituoni, Candide alimpima Dorine na mama mkwe wake puani. Akarudi na majibu.

"Muko nayo wote, mama. Ni corona."

"Ni vumbi," Mama Ezéchiel akasema.

Candide akamshika Dorine mkono, akaingia naye. Alimpima Dorine, akakaa naye ndani ya chumba muda mrefu, kisha akafungua mlango na kumwita mama aingie. Akauliza kwa upole, akimwangalia mgonjwa, "Dorine, mimba ilikuwa inaingia mwezi wa ngapi?"

"Mimba gani?" Mama Ezéchiel akadakia.

"Ilikuwa inaingia mwezi wa tatu," Dorine akasema. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani.

Mama Ezéchiel alitafuta pa kukaa, akakosa, akakaa sakafuni. Mjukuu aliyemlilia miaka yote alikuwa amekuja, amekaa nyumbani mwake, amekula sombe yake, na ameondoka bila kumwamkia. Uchungu ulimshika mahali ambapo alijifungulia watoto wake mwenyewe. Hapo simcheki. Alilia mpaka kitambaa cha kichwa kikamwangukia mabegani.

Lakini machozi hayajakauka, akaanza kutafuta mtu.

"Nani amefanya ivi? Nani amekula mutoto yangu?"

"Mama, sitakudanganya," Candide akasema. "Mimba changa mingi zinatoka zenyewe, na hakuna mwenye amekosa kitu. Homa kali inaweza kuharibu. Joto ya kujifukiza nayo haiko nzuri kwa mwenye mimba. Na huu ugonjwa, banganga bakubwa ba hospitali bangali banauchunguza. Iko wanawake wameugua na mimba imebaki nzima. Ya Dorine, hatutajua."

"Hamujue?"

"Hatujue."

Ee bwana, alivyolidaka neno lile! Hakuna dawa aliyowahi kuipokea kwa mikono miwili namna hiyo. Njia nzima ya kurudi alilirudia nyuma ya pikipiki, banganga wenyewe banasema habajue, banganga wenyewe banasema habajue, mpaka dereva akadhani anaambiwa njia. Siku Dorine alipopata nguvu ya kukaa, mama mkwe alimletea uji kitandani na neno lake juu.

"Umesikia vile Candide alisema. Habajue."

"Nimesikia, mama."

"Sasa juu ya nini haukuniambia? Siku ile, pale mulangoni, juu ya nini haukusema?"

Dorine alichukua bakuli la uji, akaliweka chini bila kuonja.

"Beseni," akasema.

Basi. Hakuongeza kitu, wala siku hiyo wala siku zilizofuata, na macho yake hayakumfikia tena mama mkwe wake. Habari ya mimba haikutoka nje ya nyumba ile. Mama Ezéchiel alienda sokoni akanunua ndagala, akarudi, na wauzaji wakaulizana kama anaumwa koo.

Jumapili makanisa yalipofunguliwa kwa watu wengi tena, Mzee Onesphore alivaa koti, akainuka kutoa ushuhuda. Na hakwenda mikono mitupu. Alikuwa amelitoa blanketi nyumbani bila kuomba ruhusa, akalitandaza mbele ya madhabahu, chui wawili wakawatazama waumini.

"Nilikuja kwa dada yangu nikiwa maiti!" akapaza sauti, yeye aliyekuja na vumbi. "Ile corona ilinikamata apa!" Akajipiga kifua. "Dada yangu akaniingiza ndani ya hii blanketi, na leo muniangalie!"

Kanisa likashangilia. Pasta Chadrack alikuwa mtu wa kujua wapi pa kutia kuni. Akanyanyua kipaza sauti.

"Muzee, mulikuwa wangapi umu ndani?"

"Tulikuwa sita!"

"Na wangapi walitoka wazima?"

"Sita!"

"Kanisa, munasikia? Sita waliingia, sita wakatoka! Mama Ezéchiel iko wapi? Mama, kuja apa!"

Akasukumwa mbele na wanawake wenzake, akapewa kipaza sauti, kitu alichokipenda maishani kuliko nyama ya mbuzi. Aliwaona watu wote waliomsikiliza miaka yote. Alimwona Ezéchiel, ameshuka kutoka Lemera, amekaa benchi ya nyuma na mkono wake juu ya bega la mkewe. Alimwona Dorine ameinamisha kichwa. Mama Ezéchiel akalitazama blanketi pale chini, upande ule aliokuwa ameukanyaga kwa mguu, na lile neno tamu la Candide akalitafuta mdomoni asilipate.

"Apana," akasema. "Tuliingia saba."

"Saba!" Pasta akarukia. "Haleluya! Muzee alisahau moja! Saba, kanisa, hesabu ya Mungu mwenyewe!"

Ngoma ikapigwa, kinanda kikapanda, wanawake wakapiga vigelegele, mtu akamrushia kitenge begani.

"Tuliingia saba," Mama Ezéchiel akasema tena, machozi yanamtiririka, "tukatoka…" lakini nani wa kumsikia? Makofi yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mabati. Mzee Onesphore alikuwa anacheza juu ya blanketi na viatu vyake.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Dorine alikuwa ameinua kichwa, anamtazama mama mkwe wake usoni, anangoja amalize.