Likizo ya Mama Povu

Mashine ya kidole ilimkataa Mama Povu mara tatu asubuhi hiyo. Wala si ajabu. Miaka mitano ya kufua shuka za hoteli kwa dawa ya madoa ilikuwa imemlamba vidole vikabaki laini, bila mstari, bila alama, na ile mashine iliyobandikwa ukutani kwenye mlango wa wafanyakazi haikuwa na habari na mtu asiye na alama. Ilikuwa na sauti ya mwanamke mwenye adabu zake. "Tafadhali jaribu tena," ilisema. Mama Povu akafuta dole gumba kwenye sketi, akajaribu tena.

"Acha, acha!" Msimamizi alitokea mbio, akaifunika mashine kwa kiganja. "Wewe leo usibonyeze. Leo uko likizo."

Moyo ukamruka. Begoni mwake mlikuwa na magauni mawili, pakiti tatu za biskuti, na viatu vyekundu vya mtoto. Mara ya mwisho kumwona binti yake, mtoto alikuwa bado anatambaa. Siku hizi anakimbia, anaimba, anagombana na mbuzi wa jirani, na mama yake anamjua kwa sauti ya simu tu. Kila mwaka Mama Povu akiomba likizo huambiwa asubiri wageni wapungue. Mwaka huu, Msimamizi alimwahidi mbele ya watu: Alhamisi utaondoka, neno langu. Leo ndiyo Alhamisi yenyewe. Basi lilikuwa la saa sita mchana, na bibi wa mtoto alikuwa ameshaambiwa, na mtoto pia.

"Asante, bosi. Mungu akubariki. Kwa hiyo niende?"

"Uende wapi tena? Mkaguzi wa kazi yuko getini." Msimamizi alishusha sauti. "Daftari linasema nyinyi watano mko likizo. Mtu aliye likizo haonekani anafua, au vipi? Ingieni stoo ya shuka, mtulie mpaka aondoke. Simu tieni kwenye ndoo hii, zisije zikalia."

"Na basi langu?"

"Likizo si ipo? Kwani kuna mtu ameila?"

Hivyo ndivyo Mama Povu alivyoianza likizo yake, kwa kufungiwa stoo. Alifungiwa pamoja na Bibi Pasi, mpigapasi aliyekula chumvi nyingi, na dada mmoja mfagiaji waliyemwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amezimika. Walikuwapo pia watunza bustani wawili, wanaume wa kunyamaza, ambao hata ukiwauliza habari za asubuhi hutazamana kwanza.

Stoo haikuwa na dirisha. Ilikuwa na balbu moja, rafu mpaka darini, na harufu ya sabuni ya unga. Ufunguo ulizungushwa kwa nje. Mama Povu akakalia rundo la shuka zilizokunjwa, jambo ambalo siku nyingine lingemfukuzisha kazi. Hakukasirika. Ganzi iliyoanzia vidoleni ilishapanda siku nyingi, ikafika kifuani, ikapanga chumba. Alichokuwa anakifikiria ni saa sita tu.

"Tuombe," alisema Bibi Pasi.

"Tuombe nini humu, bibi?" Redio alinong'ona.

"Safari njema. Si tuko likizo?"

Hakuwa anatania, au kama alikuwa anatania, hakuonyesha. Alifumba macho. "Ee Mungu, tunasafiri. Utulinde njiani. Dereva asisinzie, tairi lisipasuke, tuwakute wetu wazima." Mama Povu akaitikia amina, na kitu cha ajabu kikampata: aliamini. Aliamini kabisa, pale pale juu ya shuka za watu, kwamba kuna anayesikia.

Redio naye hakutaka kupitwa. Akajisogeza, akamgusa begani. "Mama Povu, umekaa dirishani?"

"Dirishani."

"Haya, unaona nini?"

Mama Povu aliitazama rafu ya foronya. "Kiwanda cha matofali."

"Na sasa?"

"Soko la vitunguu. Akina mama wanakimbilia basi na ndoo zao." Njia ile aliijua kwa kichwa. Aliipita kila usiku kabla ya kulala, kituo kwa kituo. "Sasa tuko darajani. Ukishavuka daraja ni nusu saa tu."

"Na wasafiri hawali?" Bibi Pasi aliuliza.

Mama Povu alilivuta begi, akatoa pakiti ya biskuti. Alisita kidogo, maana hazikuwa zake. Kisha akaipasua. Wakala wote, hata wale wanaume wawili, na pakiti ya pili ikaifuata ya kwanza. Bibi Pasi akavichukua vile viatu vyekundu, akavivalisha vidole vyake viwili na kuvitembeza juu ya shuka, taratibu, tap tap, mpaka magotini pa Mama Povu.

"Shikamoo, mama," vikasema viatu.

"Marahaba, mwanangu."

Mama Povu akacheka. Kicheko kilimuuma, kama mguu uliokufa ganzi unaporudiwa na damu, lakini alicheka hivyo hivyo, na machozi, na makombo mdomoni. Wote wakaangua kicheko, nyuso zimefukiwa kwenye mito. Ilikuwa furaha kweli, msifikiri vingine. Tangu aanze kazi hapo hakuwahi kufurahi namna ile. Redio peke yake mto haukumtosha. Kicheko kilimtoroka, kikavuma stoo nzima.

Nje, nyayo zikasimama.

"Na humu?" sauti ya Mkaguzi.

"Stoo ya shuka, mzee."

"Nasikia watu wanacheka."

"Ni redio, mzee. Wanasahau kuizima."

Ndani, Redio alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Kitasa kikatikiswa.

"Funguo ziko wapi?"

"Anazo mtu wa stoo. Naye yuko likizo."

Kisha Mkaguzi akausogelea mlango, na sauti yake ikawa karibu, ya chini, kama ya upole. "Kuna mtu humu?"

Mama Povu alikuwa ameketi hatua moja kutoka mlangoni. Neno moja tu lilihitajika: tupo. Bibi Pasi, aliyebakiza mwaka mmoja apate kiinua mgongo, alimkazia macho. Watunza bustani walitazama sakafu. Mdomo wa Mama Povu ulikuwa umejaa biskuti. Akatafuna polepole, isisikike.

"Basi izimeni," Mkaguzi alisema. "Mnamaliza umeme bure."

"Chakula kiko mezani, mzee. Karibu huku."

Mlango ulifunguliwa saa nane mchana. Msimamizi alinukia nyama ya kuchoma. "Mmejikaza kisabuni," alisema, akagawa karatasi. "Wekeni vidole hapa chini."

Mama Povu aliisoma yake mara mbili. Ilisema ameanza likizo tarehe sita na kuimaliza tarehe kumi na tisa. Leo ilikuwa tarehe kumi na tisa. Siku zote hizo, mpaka jana, alikuwa anafua. Kwenye nafasi ya maoni ya mfanyakazi palikuwa pameshapigwa chapa: Nimepumzika vizuri. Nashukuru.

"Bosi, hii inasema nimerudi."

"Si nakuona hapa?"

"Mimi sijaenda."

"Mama Povu, usinivunjie heshima. Mkaguzi ameondoka na nakala ya daftari. Nimkimbilie nikamwambie amekosea? Mwakani utakuwa wa kwanza. Neno langu."

Alichovya dole gumba kwenye wino, akabonyeza. Likaacha doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja.

Simu yake ilikuwa inalia ndani ya ndoo.

"Mama! Umefika wapi?"

Alitaka kusema kweli. Mungu ni shahidi, alifungua kinywa aseme kweli, lakini ulimi ulikuwa bado uko safarini. "Darajani," alisema.

"Bibi, mama yuko darajani!" Mtoto alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. "Mama, naenda kukungoja barabarani. Nimevaa gauni la njano, ili unijue."

Simu ikakatika. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena.

"Mama Povu!" Msimamizi aliita kutoka kwenye korido. "Bonyeza uingie, shuka za ghorofa ya juu zinangoja. Na hizo mlizozikalia ufue pia, zimejaa makombo."

Aliweka dole gumba kwenye mashine.

"Tafadhali jaribu tena," ilisema.

Akalifuta kwenye sketi. Wino haukutoka. Akajaribu tena.