Kabla Polisi Hawajafika Sindeni

Mkongo, waya mkuu wa mawasiliano uliofukiwa ardhini, ulipokatika, simu na intaneti vilizimika Handeni nzima. Siku nyingine mawasiliano yangehamia njia ya pili, ile ya Magoma, lakini daraja lililoibeba lilikuwa limebomoka. Fausta, fundi wa kampuni aliyekaa Kilole mjini Korogwe, alipima waya kwa kupitisha mwanga ndani yake, akajua umekatikia Sindeni. Akaondoka na dereva wake, Hiza.

Walimkuta mfugaji mmoja, Loserian, amesimama ndani ya lambo alilokuwa akilichimbua, sururu mkononi, waya uliokatika miguuni pake. Hakukimbia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilidhani mzizi," alisema. "Ng'ombe wana kiu, mwanangu."

Fausta akaita ofisini kwa redio ya upepo iliyokuwa garini.

"Usiguse kitu mpaka polisi wafike," alijibu Valerian, bosi wake.

"Hospitali haina simu, bosi."

"Nimesema usiguse."

Fausta alirudisha kipaza sauti mahali pake. Akapiga picha za waya, sururu na eneo lote, kisha akamwambia Hiza ashushe mashine ya kuunganishia.

Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi, na nyuzi za kioo zilizo ndani ya waya hazipatani na vumbi. Simaloi, mke wa Loserian, akaleta mashuka; yeye na Hiza wakayashika kuizunguka mashine. Loserian akaenda kuwazuia ng'ombe. Fausta akapitisha waya wa dharura juu ya ardhi, kando ya lambo, akaanza kuunganisha uzi mmoja baada ya mwingine. Mmoja ulikataa. Akakata ncha, akaisafisha, akarudia, ukakataa tena. Mara ya tatu ukashika.

Simu ya Hiza ikaita. Alikuwa mkewe, anauliza kama atarudi kula.

Polisi walipofika, Loserian alikuwa akinywesha ng'ombe. Wakamchukua. Simaloi alimtazama Fausta. Fausta akawafuata hadi kituoni, akawaonyesha picha: eneo lote halikuwa na nguzo hata moja ya kumwonya mtu kwamba chini kuna waya. Kesho yake Loserian akaachiwa.

Valerian alimtoa Fausta kwenye safari za dharura, akampeleka ghalani. Mkongo ulipokatika tena, alisikia habari kwa watu wengine, akaendelea kupanga maboksi.