Boti Iliyobembea Polepole

Mkaguzi wa vyombo alikuwa amepima boti mia tatu na ushee kwa saa yake ya mkononi, na hakuna hata moja iliyowahi kumtisha kwa utamu. Hii ya shemeji yake ilimtisha.

Ilikuwa boti ya kuvukia bahari kuu, upana wake mita nne na nusu. Shemeji, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Starehe, alikuwa ameipandishia ghorofa mbili. Juu kabisa aliweka beseni la kuogea la mawe, kubwa kiasi cha kumwosha ng'ombe na ndama wake. Chini, kwenye mkuku, uti wa mgongo wa boti, palikuwa na tani mbili za madini ya risasi za kuituliza. Hizo aling'oa, akapanga kreti za soda.

"Shemeji, ule uzito wa chini umeupeleka wapi?" mkaguzi aliuliza.

"Nimetupa. Mgeni gani atashuka huko kuupiga picha?"

Safari ilikuwa keshokutwa, siku ishirini majini, Bwana Starehe na mkewe. Na huyo mke ndiye dada mdogo wa mkaguzi, wa pekee aliyebaki wa tumbo moja naye. Kilichokosekana kwenye fomu ya ukaguzi ni saini ya mkaguzi tu.

Ili kuipima, wanaume wanane wakakimbizwa sitahani, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha wakasimamishwa ghafla. Boti ikayumba yenyewe. Chombo cha upana ule huenda na kurudi kwa sekunde nne, tano. Hiki kilikwenda kushoto kwa madaha, kikapumzika huko, kikarudi kwa hisani yake. Sekunde kumi na moja.

Wageni walioalikwa kuiona wakapiga makofi.

"Inabembea kama susu!" alisema Bwana Starehe. "Saini, shemeji, chai inapoa."

"Sisaini. Hii itapinduka."

"Ipinduke kwa upole huu?"

"Huo upole ndio ugonjwa. Mtu mzima wa afya ukimsukuma, anarudi papo hapo kukuuliza una nini. Mlevi ukimsukuma, anakaa kwanza kule alikoangukia, anajadiliana na nafsi yake kama kuna haja ya kurudi. Boti yako imelewa."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Dada mtu naye hakumpa kaka yake pumzi: "Kaka, ile boti yetu ya kwanza ilinirusha nikatapika hadi majina ya watoto. Hii inanilaza usingizi. Wewe unaona wivu tu."

Neno wivu lilimchoma. Dada akateremka zake chumbani kwenda kujinyoosha, na mkaguzi akafungua fomu ukurasa wa mwisho.

"Imeandikwa chombo kipimwe kikiwa katika matumizi ya kawaida," alisema. "Nyinyi mtakitumiaje?"

Bwana Starehe hakuhitaji kubembelezwa. Beseni likajazwa maji ya povu hadi ukingoni, mwenyewe akatumbukia na miwani ya jua, wageni ishirini wakapanda kumzunguka wakiwa na vikombe. Mpiga picha, aliyekuwa amesimama gatini, akapaza sauti: "Sogeeni huku kwangu! Wote! Na tabasamu!"

Wakasogea.

Boti ikaegemea gati, polepole, kwa adabu zake zote. Maji ya beseni yakafuata upande uleule, soda zikafuata maji, na Bwana Starehe akafuata vyote. Mkaguzi, aliyejishikiza sitahani, alihesabu sekunde: kumi, kumi na moja, kumi na tano. Kwenye ishirini akakumbuka ni nani aliyelala kule chini, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaacha kuhesabu.

Alishuka ngazi iliyokuwa imegeuka kuwa ukuta, akitambaa. Alimkuta dada amelala fofofo juu ya mlango wa kabati, mto kichwani, maji yakianza kuchungulia dirishani.

"Amka, mama! Amka!"

"Tumefika?"

Akamsukumia nje kupitia dirisha la upande wa juu. Walipotoka, boti ilikuwa bado imelalia gati. Wageni wa ghorofa ya pili walikuwa wakishuka nchi kavu bila ngazi, vikombe mkononi, huku Bwana Starehe akiwa amemwagwa miguuni pa mpiga picha, amevaa miwani tu na lundo la povu.

"Boti za kisasa," alisema kutoka chini, "ndivyo zinavyopumzika."

Dada akamtazama mumewe, akatazama dirisha alilotokea, akanyoosha mkono kwa kaka yake. "Nipe hiyo kalamu niandike. Ama ghorofa zinang'olewa na risasi zinarudi, ama mimi nabaki kwetu."

Ghorofa ziling'olewa kwa winchi. Risasi zikarudi mkukuni, na tani moja zaidi kwa amri ya dada. Boti ilipopimwa tena ilirudi kwa sekunde nne, kwa kishindo, na mkaguzi akasaini huku ameshika ukingo asianguke.

Siku ya tisa ya safari simu yake ililia kutoka katikati ya bahari. Upepo ulikuwa ukinguruma ndani yake.

"Kaka! Mawimbi kama nyumba! Boti yako inatutupa kila upande, sufuria zote ziko sakafuni, shemeji yako hajaachia ndoo tangu jana!"

"Ikilala inarudi?"

"Inarudi kwa hasira!"

"Kwa hasira kiasi gani?"

"Imenitegua shingo!"

Mkaguzi akaketi, akavua viatu. "Basi tapikeni salama, mdogo wangu," alisema, na siku hiyo akala chakula chake cha mchana chote.