Zaituni Hakufa Kihesa

Kitu ambacho Juliana hakukivumilia kabisa katika vitabu vya upelelezi ni mpelelezi asiyekula. Mtu anapigana na majambazi tangu alfajiri, anaruka ukuta, anafukuzana na magari, shati bado limenyooka utadhani limetoka kupigwa pasi, na tangu kitabu kianze hajatia hata kiazi mdomoni. "Huyu si mtu," alimwambia jirani yake Esta walipokuwa wakipukuchua mahindi uani kwake Kihesa, mjini Iringa. "Huyu ni kinyago kimevishwa miwani. Mwandishi angempa hata chai ya rangi, ningemwamini."

Maoni alikuwa nayo tele. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, na nia yake ilikuwa kuimba nyimbo za kanisani bila kubahatisha maneno. Basi mkwewe Asukile, dereva wa lori aliyemwoa binti yake Severina na kukaa naye Ilomba huko Mbeya, akamletea kitabu chenye picha ya bastola kwenye jalada. Nyimbo zikaishia hapo. Kila Asukile alipopita Iringa na mzigo ilikuwa lazima ashushe kitabu kwanza, ndipo aulizwe habari za safari.

Vilivyomkosesha raha zaidi ni vile vya mkuu wa majambazi na binti. Mwanamume anamteka msichana wa watu, anamfungia kwenye jumba lenye mbwa, na ukifika katikati ya kitabu msichana ameshaanza kumpenda. Juliana alivisema vitabu hivyo vibaya sana. Mwanamume akikufungia ndani, hayo si mahaba, ni kesi ya polisi. Athubutu kuja hapa na miwani yake nyeusi, atakutana na mchi. Aliyasema hayo huku akifungua ukurasa unaofuata. Esta alipomuuliza kwa nini basi anavisoma, alijibu bila haya kwamba kitabuni ni raha, mtu mbaya wa kitabuni ukimchoka unamfunga na kumweka chini ya mto.

Mumewe Danieli hakuwa na miwani nyeusi wala mbwa. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mzaliwa wa Kilolo, mtu mpole asiyependa mabishano, na kila Jumapili ndiye aliyesoma masomo ya ibada kwa sauti nzito iliyofika mpaka viti vya nyuma. Vitabu vya mkewe aliviita hayo makaratasi yako. Akivikuta kwenye kiti chake alivichukua kwa ncha za vidole, akavihamisha, akakaa. Kumkataza hakumkataza hata mara moja.

Mwaka sabini na sita macho ya Juliana yakaingia ukungu. Mwanzoni alilaumu moshi wa jikoni, kisha akalaumu wachapaji kwamba siku hizi wanabania wino. Mwisho akashindwa kutofautisha maharage na mawe, akakubali kupelekwa kwa daktari. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na yatafunguka akipasuliwa Mbeya. Akichelewa, giza litakuwa la moja kwa moja.

Juliana alisikia kupasuliwa, mengine hakuyasikia. Shangazi yake aliyemlea alipelekwa kupasuliwa uvimbe, akatoka nyumbani kwa miguu yake huku akiwaaga watu, akarudishwa amefunikwa. "Siendi," alisema. "Bora nipapase ukuta nikiwa hai."

Severina alituma ujumbe kupitia Asukile, mama aje, kitanda kipo. Mama hakwenda. Mchungaji alikuja kumsihi, akanyweshwa chai, akaondoka. Siku hiyo jioni Danieli alitoka kulisha ng'ombe, akanawa mikono, akavuta kigoda karibu na mkewe na kukichukua kitabu cha jalada jekundu ambacho Juliana alikuwa amekwama katikati yake.

"Ulifika wapi?" akauliza.

Juliana alidhani hakusikia vizuri. Akamwambia amefika pale Zaituni, karani wa bandari, ametekwa na Ngwamba, mkuu wa genge la magendo, na ameanza kumwonea huruma, mjinga yule. Danieli akakohoa, akaanza. Sauti ya kusoma alikuwa nayo moja tu, ile ya Jumapili. Ngwamba akainuka, akaitwaa bastola yake, akawaambia watu wake, nendeni. Juliana alicheka mpaka akashika mbavu. Esta, aliyekuwa anakuja kuomba chumvi, aliisikia sauti hiyo tangu uani, akavuta kitenge kichwani, akaingia kwa adabu na kusimama kando ya mlango ameinamisha kichwa. Alivumilia hadi kwenye sanduku la dhahabu na maiti ndani ya buti la gari, ndipo akauliza taratibu huyu ni mfalme gani.

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila jioni Danieli alisoma, na akimaliza alisema, "Hapa ndipo mwisho wa somo," bila mwenyewe kutambua. Mambo fulani yalimshinda. Ngwamba akimsogelea Zaituni taa zikiwa hafifu, Danieli alikohoa, na mara kumekucha.

"Baba Severina, umeruka."

"Sijaruka. Walilala mapema."

Jioni moja alifika mahali Zaituni amepata ufunguo, amekimbia mpaka getini, na msaidizi wa Ngwamba amemwinulia bunduki. Sauti ya Danieli ikakatika. Juliana alisikia karatasi ikigeuzwa, kisha ikirudishwa.

"Amekufa?" akauliza. Mikono yake ilikuwa imekamatana mapajani. Tangu daktari aseme lile neno lake, alikuwa amemshikilia Zaituni kuliko alivyotaka watu wajue.

"Ameumia," alisema Danieli. "Amepelekwa hospitali. Inabidi wampasue."

Siku zilizofuata alisoma polepole, na ile sauti ya Jumapili ikapungua. Zaituni alilazwa chali. Aliogopa, akasema haogopi. Akapewa dawa ya usingizi akiwa anamfikiria mama yake. Ngwamba akakaa kando ya kitanda, akavua miwani yake nyeusi, na asubuhi Zaituni akafumbua macho na kuomba uji. Wakamletea uji wa ulezi wenye sukari, na Ngwamba akampa kijiko kwa kijiko, akiupuliza kwanza.

"Haya," alisema Juliana, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu uso wake ulilegea. "Nimepata mwandishi mwenye akili. Anajua kwamba watu wanakula."

Danieli alikohoa.

Kesho yake asubuhi Juliana alisema kama Zaituni ameamka, basi na yeye anaweza kuamka, wampeleke. Danieli alitoka nje upesi, akasema anakwenda kuwatazama ng'ombe, ingawa ametoka huko sasa hivi.

Walipanda basi mpaka Mbeya. Hospitalini alilazwa chali. Hofu aliyokuwa nayo ilikuwa hofu ya kweli, ya kukauka mate. Ila alikuwa amebeba uji wa Zaituni moyoni, akaushikilia huo mpaka mwisho. Alipozinduka, kichwa kimebanwa kwa mifuko ya mchanga huku na huku asikigeuze na macho yamefungwa bandeji, kitu cha kwanza alichosikia ni kijiko kikigonga bakuli. Danieli alikuwa ameleta uji wa ulezi kutoka Ilomba, akaupuliza, akamtia mdomoni.

"Ngwamba wangu," alisema Juliana.

Alitegemea mumewe atacheka. Hakucheka, akampa kijiko kingine bila kukipuliza. Juliana akadhani ni uchovu.

Kitabu kilikuwa kimesahauliwa Kihesa, lakini Danieli alisema alikimaliza mwenyewe, kwa hiyo sehemu iliyobaki alimhadithia kwa mdomo, pale hospitalini na baadaye nyumbani kwa Severina. Ngwamba aliacha magendo. Akajisalimisha, akafungwa, akatoka. Akamwoa Zaituni kanisani, wakahamia Kilolo kulima njegere na kufuga ng'ombe wa maziwa.

"Kilolo hiihii?" aliuliza Juliana. "Mwandishi huyu amefika Kilolo?"

"Inaelekea," alisema Danieli.

Waliporudi nyumbani Juliana alikuwa amevaa miwani nene kama kitako cha chupa. Alizunguka uani akitazama kila kitu, majani ya maharage, kovu la ng'ombe mwekundu, mvi za mumewe ambazo zilikuwa zimeongezeka yeye akiwa ukunguni. Kisha akataka kitabu chake. Hamu yake ilikuwa kuusoma ule uji kwa macho yake mwenyewe. Danieli akasema nadhani anacho Esta. Esta akaapa hajakiona.

Alikipata ndani ya debe la maharage, alipotia mkono kuchota ya jioni. Mtu gani anaficha kitabu ndani ya maharage, alijiuliza, kisha akajua ni mtu gani, kwa kuwa ndani ya nyumba walikuwa wawili tu. Akajifuta mikono, akakaa kizingitini kwenye mwanga, akatafuta lile geti.

Zaituni alikufa palepale getini. Mwandishi alimpa mistari mitatu. Hapakuwa na hospitali wala kitanda. Ngwamba hata kumzika hakumzika, aliruka maiti yake akakimbilia dhahabu, na mwisho wa kitabu akaanguka kutoka juu ya ghorofa, shati limenyooka. Juliana alifunua kurasa zote zilizobaki, akazifunua tena. Hakuna aliyekula kitu.

Hasira zikampanda. Mzee wa kanisa mzima, jioni baada ya jioni, macho makavu, anamsomea mgonjwa mambo ambayo hayapo. Alikipiga kitabu gotini. Kisha akainua uso, akauona mlima upande wa pili wa bonde, kila mti peke yake, akakumbuka jinsi alivyouliza amekufa na jinsi karatasi ilivyogeuzwa ikarudishwa. Kama Danieli angesoma ile mistari mitatu kama ilivyoandikwa, yeye asingepanda basi lile. Hilo alilijua kwa hakika. Miwani ikaingia mvuke, ikabidi aivue. Alimpenda yule mzee mpaka ikamuuma.

Danieli alirudi na mzigo wa majani begani, akakiona kitabu.

"Zaituni amekufa," alisema Juliana.

Danieli aliutua mzigo. "Ndiyo."

"Na ulijua."

"Nilijua. Nilishindwa kumwua mbele yako." Alisimama kama mtu anayesubiri hukumu. "Ni uongo, Mama Severina. Nimeshamwambia mchungaji."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama Ngwamba kweli aliokoka."

Juliana alijikaza asicheke, akashindwa, na Danieli naye akaanza, mabega yakitikisika, wakacheka mpaka ng'ombe wakageuka kuwatazama. Kisha Juliana akampangusia mumewe majani shingoni na kutoa amri yake. Kuanzia leo asidanganywe tena. Macho anayo. Anayekufa kitabuni, afe. Danieli akakubali, akaahidi mbele ya maharage.

Asukile alipopita tena na lori alishusha kitabu kipya. Juliana angeweza kukisoma mwenyewe, lakini ilipofika jioni alidai miwani inamchosha, akamkabidhi mumewe. Danieli alivuta kigoda. Palikuwa na ghala la kahawa, na mzee mlinzi, mpole, mwenye kofia ya sufu na binti aliyeolewa mbali. Juliana alishampenda. Jambazi akaruka ukuta, akanyata nyuma ya magunia, kisu mkononi.

Danieli akanyamaza. Safari hii Juliana alimwona. Aliona macho ya mumewe yakitangulia kwenye mstari unaofuata, aliona mzee huyu alivyojipa moyo kutimiza ahadi yake. Danieli akavuta pumzi.

"Ngoja," alisema Juliana. "Amekula?"

"Nani?"

"Mlinzi."

Danieli aliuchungulia ukurasa, kwa uaminifu, toka juu mpaka chini. "Hapana. Hawajaandika."

"Basi mpe chai kwanza," alisema Juliana, akasogeza kiti chake karibu.

Danieli akakohoa, akakiinua kitabu, na mlinzi akaweka birika motoni.