Mnong'ono wa Ngazini

Binti alipoiweka mtandaoni filamu ya zamani ya wazazi wake, mama yake, fundi cherehani, alicheka mpaka akajichoma sindano. Nani angekaa kutazama filamu ambayo ukuta wake ni shuka? Kumbe watu wapo, tena wengi, na midomo wanayo.

Basi kila jioni binti alimsomea maoni ya watazamaji huku mama akikunja pindo. Mmoja alilalamika kwamba ukuta unapepea. Mwingine aliapa kuwa alijua mapema kwamba mjane anayemsaka muuaji wa mumewe ndiye mwenyewe aliyemsukuma ngazini. Wenzake wakamsuta, maana kila mtu hujua mapema akishaona mwisho. Mama alifurahi kama msichana. Mjane yule alikuwa yeye, gauni jeusi alilishona yeye, na mumewe wa kweli ndiye aliyeiongoza filamu, akashika kamera, akapika na chai. Siku zile zilikuwa tamu jamani.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mnong'ono. Mwishoni, mjane anaposhuka ngazi, inasikika sauti ya kiume: "Taratibu, usije ukaanguka." Wengi walisema ni marehemu anamtisha aliyemuua. Mmoja alikiri kwamba tangu hapo anashuka ngazi za kwao kwa makalio.

Binti aliona haya. Kwake hilo lilikuwa kosa tu, mtu kaongea kamera ikiwa kazini. Kwa kuwa ukumbi mmoja ulikuwa umeomba kuionyesha filamu Jumamosi, alimpelekea fundi wa sauti aufute mnong'ono ule. Akarudi na nakala safi, akaiwasha kwenye simu juu ya meza ya kukatia vitambaa, amejaa majivuno.

Mjane akashuka ngazi kimyakimya. Mama akasimamisha cherehani.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Baba yako."

Binti akaduwaa. Baba alifariki kabla yeye hajazaliwa. Alimjua kwa picha tu. Sauti yake hakuwahi kuisikia, wala hakuna aliyemwambia kuwa ipo. Mama naye, miaka yote hiyo akimsikia mumewe humo, hakuwahi kufikiri kwamba mtoto hamtambui. Sasa roho ilimuuma.

"Ngazi zile zilikuwa mbovu," alisema, "na gauni nililishona pana kwa sababu ulikuwa tumboni. Aliponiona nayumba, filamu aliisahau kabisa. Alikuogopea wewe, mwanangu."

Binti alifungua nakala ya zamani, akaipeleka hadi kwenye ngazi, akaweka simu sikioni. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena, machozi yakimtoka. Kisha akampigia fundi wa sauti kumwambia kazi ile aitupe.

Jumamosi sauti ilipotoka, ukumbi mzima uliguna kwa woga. Katikati ya watu wote wale, binti aliitikia polepole, "Sawa, baba."